Mgeni wa Chumba cha Ujiji

Novemba 14

Mvua ya kwanza. Bati la Bagamoyo linavuja palepale pa mwaka jana. Mgeni wa Bagamoyo kahamia Mpwapwa usiku na shuka lake kichwani.

(Vyumba vya gesti yangu vina majina ya njia ya misafara. Ni kazi ya marehemu mume wangu, ambaye babu yake alibeba pembe za ndovu hadi pwani na hakuna aliyeruhusiwa kusahau. Bagamoyo iko getini, Ujiji iko mwisho, karibu na choo. Msafara mzima unaumaliza chai haijapoa.)

Novemba 17

Kesi imeahirishwa tena. Nimerudi Cheyo, mtaani kwetu hapa Tabora, kwa miguu ili hasira ipungue. Haikupungua, imelowa tu.

Niandike vizuri, maana nimeamua masika haya halinipiti neno. Adinani, muuza asali wa Mtendeni, mume wa mdogo wangu Tunu, alimkata mkewe kwa panga Ramadhani iliyopita, watu wakiwa wanaandaa futari. Hakumuua. Mkono wa kulia aliokingia ndio uliolipa: vidole havikunji tena, na Tunu ni fundi cherehani. Adinani sasa anasema siku ile hakuwa na akili zake. Mahakama ikampeleka hospitali ya serikali ya wagonjwa wa akili, huko mashariki, akakaa akitazamwa, daktari akaandika maoni yake. Sisi hatujui kaandika nini. Lazima daktari aje mwenyewe, asimame kizimbani, aulizwe. Akisema alikuwa mwendawazimu, Adinani atalala hospitali miaka michache na kurudi sokoni kuuza asali. Akisema alikuwa mzima, atazeekea gerezani.

Na daktari haji, kwa sababu hakuna wa kumlipa nauli wala posho.

Nilimfuata karani, Dafrosa, mezani kwake.

"Daktari wa serikali, kesi ya serikali, mahakama ya serikali. Hela inakwama wapi?"

"Hapohapo, dada Mwanajuma," akasema huku akipiga mhuri. "Ndugu wakienda kula pamoja, umeona nani anawahi kutoa pochi?"

Akanieleza. Hospitali inasema daktari akienda mahakamani hayupo kwenye kazi yao. Wengine wanasema ana mshahara wake, posho ya nini? Wengine wanasema aliyemwita ndiye amlipe. Kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole, na vidole vyao vyote vinakunja vizuri kabisa.

Nataka Adinani azeekee ndani. Nimeliandika. Sasa naweza kulala.

Novemba 23

Kumbikumbi wametoka. Tunu, anayekaa kwangu tangu akatwe, aliwaokota kwa mkono wa kushoto, polepole, akaniambia hajambo. Hakuna aliyemuuliza.

Desemba 2

Nilikutana na Bi Maua, mama yake Adinani, kwa muuza dagaa. Ni mkubwa kwangu kwa umri, basi ilinibidi.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mdogo wako anaendeleaje na mkono?"

Anauliza mkono kama mtu anayeuliza kuku wako wametaga. Mara tatu amemtuma shehe aje "kuyamaliza kifamilia". Kila kesi ikiahirishwa, yeye anatuma tena. Anajua kuchoka ni hakimu pia.

Desemba 9

Amekuja!

Jaji alisema daktari asipofika atatolewa hati ya kukamatwa. Serikali haina hela ya kumleta, ya kumkamata inayo. Basi maskini kapanda treni kwa hela yake. Dafrosa ndiye aliyemwelekeza kwangu, akijua gesti yangu ni ya bei nafuu; sijui kama alifikiria zaidi ya hapo. Mtu mwembamba, jina lake Gerson, begi zipu imekufa, kalifunga kwa bandeji ya hospitali.

"Mama, naomba kusema ukweli," akaniambia hata kabla ya kuketi. "Posho yangu haijatoka. Naweza kulipa ikitoka?"

Nikamtazama. Maisha ya Adinani yote yako ndani ya kichwa hiki chenye mvi mbili, nikajiambia, na kichwa chenyewe kinaomba mto.

"Lala tu, daktari. Utalipa ikitoka."

Nikampa Ujiji. Sikumwambia mimi ni nani. Tunu nilimfungia chumba cha nyuma, akanuna.

Desemba 10

Jaji anaumwa. Kesi imesogezwa hadi Februari. Daktari aliposikia alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekanyagwa mguu na anayemheshimu.

Hilo si la kuandikia kurasa. La kuandikia ni hili. Jioni mlango uligongwa, nikafungua, akasimama Bi Maua na hotipoti kichwani, mvua ikimchuruzika.

"Shikamoo," nikasema. Mdomo ulitangulia kabla ya akili.

"Marahaba. Nasikia una mgeni kutoka mbali. Amemuuguza mwanangu kule. Nimemletea chakula."

"Hapa si kwako, Bi Maua."

"Ujue basi kama ni kwako au ni gesti. Gesti inaingia yeyote."

Akapita. Daktari alikula pilau lile lote, na chupa ya asali akaifunga kwenye begi lake la bandeji. Nilisimama nyuma ya pazia, nikamwona anavyotafuna macho yamefumbwa. Ndipo nikaelewa. Mtu mwenye njaa anayelishwa na mama wa mshtakiwa atasema nini kizimbani? Atasema linachosema tumbo.

Nikatoa simu. Nikapiga picha: daktari, kijiko, Bi Maua amesimama pembeni kama malaika wa jikoni.

Desemba 11

Sikulala vizuri kwa furaha. Mgeni mmoja, mwanafunzi, aliwahi kuniachia kitabu cha sheria badala ya kulipa, nami nimekisoma hadi jalada limeachia. Shahidi mtaalamu akionekana amekula upande mmoja, maneno yake hayana uzito. Basi na ale. Ale mpaka ashindwe kuinuka. Akishasimama kusema Adinani alikuwa mwendawazimu, nitampa Flavia, wakili wetu wa serikali, simu yangu, naye amuulize: daktari, pilau ilikuwa na nyama?

Daktari aliondoka asubuhi na nauli ya kukopa. Kanishukuru mara nyingi mno.

Desemba 25

Wakristo wa jirani wametuletea nyama. Mvua.

Januari 6

Mvua. Uyoga umejaa sokoni.

Januari 19

Tunu ameshona mshono mmoja kwa mkono wa kushoto. Umepinda kama njia ya ng'ombe. Aliufumua mwenyewe, akaanza upya. Nilitoka nje nikaosha sufuria iliyokuwa safi.

Januari 27

Tumegombana. Nimemwambia mpango wangu, nikidhani atacheka.

"Kwa hiyo unamlaza bure ili apigwe picha?" akauliza.

"Simlazi bure. Atalipa posho ikitoka."

"Mtoze, dada. Mtoze kama wengine."

"Nikimtoza hana hela, atahamia kwa rafiki yake mwalimu, mtaa wa Ng'ambo. Pilau itamfuata huko, mimi nitampigaje picha?"

"Na kama si mtu wa hivyo?"

"Tunu, wote ni watu wa hivyo. Njaa haina digrii."

Akanitazama kwa namna ambayo mama yetu alikuwa akimtazama mtu aliyekwangua ukoko wa sufuria ya jirani.

Februari 3

Nimempeleka Tunu Bukene kwa shangazi, kwa treni, mpaka daktari atakapomaliza. Daktari hana haja ya kuona mkono ule barazani kwangu na kuanza kuuliza maswali. Tunu alipanda behewa bila kunipungia. Mkono anaoweza kupungia ulikuwa na kikapu.

Februari 10

Karudi. Begi lilelile, bandeji mpya. Nauli kakopa tena. Posho ya Desemba "ipo kwenye mchakato". Nimempa Ujiji. Nilimfagilia mwenyewe. Mke wa mtu hamfagilii mumewe hivyo.

Februari 11

Bi Maua kaja na wali wa nazi. Shikamoo, marahaba. Nimempa sahani zangu nzuri ili zionekane vizuri pichani.

Februari 12

Ugali, kuku wa kienyeji. Picha.

Februari 13

Kesi ilitajwa, haikusikilizwa. Gari la magereza lilikosa mafuta. Daktari alikaa benchi siku nzima na koti lake la mvua magotini, kama mtu anayesubiri kuoa.

Jioni nilimpelekea chai, nikaketi. Nilitaka kumchokoza.

"Daktari, mtu akisema ana wazimu, unajuaje kama ni kweli?"

"Sijui siku ya kwanza, mama."

"Siku ya pili?"

"Wala ya pili. Unakaa naye. Kusema uongo ni kazi nzito. Mtu hufika mahali akachoka. Ukiwa bado upo siku hiyo anapochoka, utamjua."

"Na nyie hamchoki? Bila posho?"

Akacheka. "Sisi tunachoka mapema kuliko wagonjwa."

Kisha, bila kuulizwa: "Yule mama anapika kama marehemu mama yangu. Naona hata haya kula."

Ona haya tu, nikasema moyoni. Ona haya na uongeze mchuzi.

Februari 15

Shida moja. Nimeanza kumpenda kidogo. Leo kanitengenezea bomba la Ujiji, kwa kisu cha mezani, bila kuombwa. Nimejikumbusha mkono wa Tunu. Nikasimama mbele ya cherehani yake iliyofunikwa khanga mpaka ile huruma ikanitoka.

Februari 17

Kesho inasikilizwa. Nimempigia Tunu arudi. Simu ina chaji, picha ziko zote, nimezipanga kwa mpangilio wa vyakula.

Februari 18

Naandika kabla sijavua viatu.

Tuliketi mstari wa pili, mimi na Tunu, mimi na mtandio wangu wa zambarau. Bi Maua mstari wa mbele upande wa pili. Adinani kaletwa, kanenepa, mahabusu inampenda. Daktari akaapa. Simu nilikuwa nimeishika ndani ya mtandio kama mtu aliyeshika kifaranga.

Jaji akamuuliza maoni yake.

"Mheshimiwa," akasema kwa sauti yake ileile ya kuomba mto, "niliishi naye wodini, nikamtazama akila, akilala, akidhani hatazamwi. Na nilisoma maelezo ya siku ya tukio. Baada ya kumkata mkewe alibadilisha shati. Akalitumbukiza panga ndani ya pipa la asali. Akatoka nje akapiga kelele za mwizi. Mtu asiyejua alichofanya hafichi panga ndani ya bidhaa yake mwenyewe. Kwa maoni yangu alikuwa na akili timamu na alijua anachofanya ni kosa."

Sikuelewa. Nilisikia kila neno na sikuelewa. Tunu alinishika goti kwa mkono ule usiokunja, ukanigusa kama kipande cha ubao, hapo ndipo nikaelewa. Kala pilau lao lote, na bado kasema kweli. Miezi miwili nilikuwa nimepanga kila kitu ila hilo. Halikunijia hata usingizini kwamba mtu anaweza kushibishwa na mama mtu na bado akamfunga mwanawe. Nikaizima simu. Kigelegele nikakimeza.

Ndipo akasimama Valentino, wakili wa Adinani. Kijana mwenye tai ndefu, hana haraka.

"Daktari, pole na safari. Nauli na posho ya kuja hapa ulilipwa na nani?"

"Bado sijalipwa."

"Safari zote mbili?"

"Zote mbili."

"Kwa hiyo umelala wapi wiki hii?"

"Gesti moja, Cheyo."

"Kwa bei gani?"

"Sijalipa. Nimeambiwa nitalipa posho ikitoka."

"Na Desemba?"

"Vilevile."

"Mwenye gesti ana moyo mzuri sana. Unamjua ni nani?"

"Mama Mwanajuma."

"Naomba ugeuke, daktari. Mstari wa pili, mama mwenye mtandio wa zambarau. Huyo?"

"Ndiye."

"Na aliyekaa naye, ambaye mkono wake umeusoma kwenye faili ila hujawahi kuuona, unadhani ni nani wake?"

Daktari akaniangalia. Kisha akauangalia mkono wa Tunu juu ya goti langu. Nimeona watu wakitukanwa, wakifiwa, wakiachwa na treni. Sijawahi kumwona mtu akinitazama vile, kama aliyeona nyoka ndani ya kiatu alichokwisha kukivaa.

"Sikujua," akasema.

"Nakuamini," akasema Valentino, na ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Lakini umekuja hapa ukiwa na deni kwa dada wa mlalamikaji, na umesema maneno ambayo dada wa mlalamikaji anayasali kila siku."

Flavia alisimama kwa nguvu hadi kiti kikaanguka. "Mheshimiwa, shahidi alilishwa na upande wa mshtakiwa pia! Mtaa mzima unajua!"

"Na kula huko kumemsaidia nini mteja wangu?" akauliza Valentino kwa upole.

"Mheshimiwa, huyu ni mtumishi wa serikali, ameitwa na mahakama, hajalipwa hata senti. Alitakiwa alale wapi? Chini ya mlingoti wa bendera?"

Jaji alivua miwani. "Swali zuri, wakili. Si mimi ninayeshika funguo za fedha." Akaandika muda mrefu. Halafu akasema hawezi kuyatumia maoni hayo, si kwa sababu daktari ni mwongo, bali kwa sababu haki lazima ionekane. Adinani arudishwe hospitali, atazamwe upya, na daktari mwingine.

Upya. Mwingine. Adinani aligeuka kumtazama mama yake kama mtoto aliyeongezewa nyama.

Nje barazani Bi Maua alikuwa anafungua mwavuli. Nilipita bila kusema chochote. Chochote.

"Marahaba, mwanangu," akaniambia.

Nikasimama.

"Ulidhani nilikuja kwako kumlisha tu?" akasema taratibu, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mwenzake duka. "Kumlisha nililisha kwa nia, mgeni ni mgeni, na kama angesema mwanangu mgonjwa ningemshukuru na kunyamaza. Lakini kila nikija naangalia. Hujawahi kumdai. Mwanajuma nimjuaye mimi, asiyemsamehe mtu bei ya ndoo ya maji ya moto, analaza mtu bure? Nikajua unataka kitu. Sikujua ni nini, ila nikamwambia wakili aulize habari za kitanda."

Mvua ikaanza. Akanipa nafasi chini ya mwavuli wake. Nikatembea nje yake.

Februari 18, baadaye

Daktari kaja kuchukua begi. Sikuweza kutoka chumbani, akasimama mlangoni, viatu vyake vikiwa vinadondosha maji kwenye sakafu yangu.

"Ungenitoza tu, mama. Ningekopa."

Ni hayo tu. Chupa ya asali aliyopewa na Bi Maua Desemba, kumbe alirudi nayo, kaiacha dirishani Ujiji, haijafunguliwa.

Februari 20

Tunu hajazungumza nami tangu siku ile ila mara moja:

"Mimi nilikuwa naomba iishe, dada. Wewe ulikuwa unaomba uishinde."

Machi 4

Mvua.

Machi 5

Mvua. Bati la Bagamoyo limeachia kabisa.

Machi 16

Shehe kaja tena kwa ajili ya "kuyamaliza". Nilimpokea kwa chai na nikamtoza. Nimemtoza kikombe cha chai, shehe mzima. Alilipa akidhani natania.

Bado namtaka Adinani azeekee ndani. Nilidhani baada ya aibu ile hamu hiyo itaniisha. Imekaa palepale, ila sasa inanitazama nami.

Aprili 8

Simu imelia: hela imeingia, kutoka kwa Gerson. Za Desemba na za Februari, na zaidi kidogo. Ujumbe: *Posho imetoka. Samahani kwa kuchelewa. Asante kwa malazi.*

Sijui kama anatukana. Nadhani hatukani, na hilo linauma zaidi. Nimenunua bati jipya la Bagamoyo. Sitalipaka rangi, ili kila nikilitazama nisisahau lilikotoka.

Aprili 21

Mvua ya mwisho, au inajifanya. Mshono wa Tunu umenyooka. Kanishonea foronya ya Ujiji kwa mkono wa kushoto, kanitupia kitandani. Nimeipokea kama hukumu nyepesi.

Aprili 29

Jua. Mchana simu imelia, namba nisiyoijua, sauti ya mwanamke, changa, ya kusoma.

"Shikamoo, mama. Naitwa daktari Zahabiya, natokea hospitali ya wagonjwa wa akili. Nina kesi huko Tabora mwezi ujao, karani Dafrosa kanipa namba yako. Posho bado haijatoka, lakini kaniambia wewe ni muelewa, naweza kulipa baadaye?"

Hakuwa na kosa; la Dafrosa sijui. Tena alikuwa na adabu. Niliinua macho ukutani, funguo zote za msafara zilikuwa zimening'inia, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, hakuna hata mgeni mmoja.

"Marahaba, mwanangu. Vyumba vimejaa."

"Vyote?"

"Vyote."

"Unapajua pengine pa kukopesha?"

"Sipajui."

Nikakata. Cherehani ilikuwa imenyamaza.

"Ni yeye? Daktari mpya?" Tunu akauliza, na ndiyo mara ya kwanza tangu Februari kuniuliza kitu.

"Ndiye."

"Na akikosa pa kulala, asije?"

"Atakuja," nikasema. "Wasipomlipa, watamtumia hati ya kukamatwa. Hela ya hiyo wanayo siku zote."

Tunu hakucheka. Akalitazama dirisha, akautia uzi sindanoni kwa mkono wa kushoto, mara ya kwanza ukakosa, mara ya pili ukaingia.